Dodoso lilisema ndiyo, damu ikakataa: uchambuzi wa kisa cha MEMA kwa Vijana, Mwanza

Ripoti nyingi za miradi ya vijana huishia na jedwali la aina moja. Safu ya kwanza imeandikwa "kabla", ya pili "baada", na asilimia zote zimepanda: wanaojua njia za kujikinga wameongezeka, wanaosema wameacha tabia hatarishi nao wameongezeka. Chini ya jedwali kuna sentensi inayotangaza kwamba mradi umebadilisha tabia za vijana. Kisa ninachokichambua hapa ni cha watafiti waliokuwa na jedwali zuri la namna hiyo, tena lililopatikana kwa utaratibu mkali kuliko wa miradi mingi, na bado hawakuiandika sentensi hiyo. Walikuwa wamepima pia damu na mkojo wa vijana wale wale waliojibu maswali.

Mradi nimeutaja kwa jina kwa kuwa matokeo yake yalichapishwa zamani na yako wazi kwa kila mtu. Kata, vijiji, shule, walimu na vijana walioshiriki hawatajwi.

Usuli

Katika miaka ya 1990 Mwanza ilikuwa tayari ni mkoa uliozoea utafiti mzito wa VVU. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika jamii 12 za mkoa huo, yakionyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban 40%. Mwaka 1999 yakatoka matokeo ya jaribio la Rakai, Uganda, ambako dawa za magonjwa ya zinaa ziligawiwa kwa watu wazima wote kila baada ya miezi kadhaa, wawe na dalili au wasiwe nazo. Huko VVU havikupungua. Wazo lilikuwa karibu lile lile, majibu yakawa mawili tofauti. Ninaitaja historia hii kwa sababu inaeleza kwa nini watu wa Mwanza hawakuridhika na hoja nzuri ya mezani. Walikuwa wameshajionea kwamba jambo linaloingia akilini si lazima litokee kijijini.

Swali la vijana lilikuwa zito. Watoto wengi wa vijijini walichelewa kuanza shule, hivyo darasa la tano, la sita na la saba lilikuwa na wavulana na wasichana wa miaka 14, 15 na zaidi. Wengi wao wasingefika sekondari. Kwa hiyo shule ya msingi ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho ya kuwapata kwa wingi, wakiwa mahali pamoja, kabla hawajatawanyika kwenda mashambani, ziwani, migodini na kwenye ndoa.

Hapo ndipo ulipozaliwa mradi wa MEMA kwa Vijana, ulioendeshwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, pamoja na shirika la afya la AMREF na chuo cha London School of Hygiene & Tropical Medicine, kwa kushirikiana na serikali. Ulikuwa na mikono minne: masomo ya afya ya uzazi kwa darasa la tano hadi la saba, yakifundishwa na walimu na kusaidiwa na waelimishaji rika, mafunzo kwa wahudumu wa afya ili zahanati ziwe rafiki kwa vijana, usambazaji wa kondomu kupitia vijana wenyewe, na shughuli za kuihamasisha jamii.

Mfuatano wa mambo

Mwishoni mwa 1998, kabla somo lolote halijafundishwa, waliandikishwa vijana 9,645 wa miaka 14 na kuendelea waliokuwa darasa la nne hadi la sita, kutoka jamii 20 za vijijini. Jamii 10 zilipata mradi kuanzia Januari 1999: shule 62 za msingi na vituo 18 vya huduma za afya. Jamii nyingine 10 ziliendelea na masomo na huduma za kawaida.

Mwaka 2001 na 2002, miaka mitatu baada ya kuanza, timu ilirudi kuwatafuta vijana wale wale. Waliulizwa maswali, wakatoa damu na mkojo. Katikati ya 2002 ukafanyika pia mtihani shuleni, kwa kundi jingine la wanafunzi ambalo halikuwa kwenye ufuatiliaji.

Matokeo ya awamu hiyo yalipoonekana, mambo mawili yalifanyika sambamba. Mradi ulipanuliwa karibu mara 10 katika wilaya nne za mkoa, ukiendeshwa kupitia mfumo wa kawaida wa serikali. Na uchunguzi wa pili ukapangwa: kati ya Juni 2007 na Julai 2008 walipimwa vijana 13,814 wa miaka 15 hadi 30 ambao walikuwa wamesoma katika shule za jamii zile 20 wakati wa awamu ya kwanza.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kupiga kura, yaani kuiachia bahati nasibu iamue nani apate mradi na nani asubiri kulinganishwa, na kura ikapigwa kwa jamii nzima badala ya kijana mmoja mmoja. Sababu ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kukaa kijijini. Ukimfundisha mwanafunzi mmoja na kumwacha jirani yake wa dawati, kesho yake wote wawili wanajua. Zahanati nayo haiwezi kuwa rafiki kwa kijana huyu na isiwe rafiki kwa yule. Lakini uamuzi huo una gharama ambayo wasomaji wengi wa tafiti hawaioni. Unapopiga kura kwa jamii, ulichonacho ni vitu 20 vya kugawa, hata kama ndani yake kuna maelfu ya watu. Kumi kwa kumi, bahati inaweza kabisa kuweka vijiji vya barabarani na vya karibu na migodi upande mmoja. Ndiyo maana jamii zilipangwa kwanza katika makundi kulingana na kiwango cha hatari, kisha kura ikapigwa ndani ya mipaka iliyohakikisha pande mbili zinalingana.

Uamuzi wa pili ulikuwa kupima maabara: VVU, magonjwa mengine ya zinaa, ujauzito, na hasa HSV-2, yaani virusi vya malengelenge ya sehemu za siri. Kipimo hiki cha mwisho kina sifa moja kubwa. Kingamwili zake hubaki kwenye damu maisha yote na kwa kawaida virusi vyenyewe hupatikana kwa kujamiiana, kwa hiyo damu inabeba kumbukumbu ambayo mwenyewe anaweza kuamua kutoisimulia. Tena huenea kuliko VVU, hivyo idadi hutosha kufanyia hesabu.

Uamuzi wa tatu ndio ninaouheshimu zaidi. Sambamba na dodoso, walipelekwa watafiti kuishi vijijini, kuzungumza na vijana kwa kina na kushuhudia maisha ya kila siku. Baadaye njia tano zikawekwa kwenye mizani moja: dodoso la ana kwa ana, dodoso la kujijazia kwa msaada, mahojiano ya kina, kuishi na watu, na vipimo vya maabara. Kazi hiyo ilikuwa ya kukikagua kipimo chenyewe. Miradi mingi haijiulizi swali hilo kabisa.

Uamuzi wa nne ulikuwa kurudi tena 2007. Wenye fedha na wenye sera hupenda kufunga faili mapema. Lakini kijana wa miaka 17 hajapata muda wa kutosha wa kuambukizwa au kuepuka kuambukizwa. Ukitaka kujua somo la darasa la sita lilifanya nini, lazima umsubiri akue.

Matokeo

Elimu ilipanda, na haikuwa kidogo. Vijana wa jamii zilizopata mradi walijua zaidi kuhusu VVU, magonjwa ya zinaa na mimba, na mitazamo waliyoieleza ilikuwa bora. Mtihani wa 2002 ulithibitisha hilo kwa wanafunzi wengine kabisa. Katika tabia walizoripoti, hasa upande wa wavulana, kulikuwa na mabadiliko ya kutia moyo.

Maabara ikasema jambo jingine. Kwa wavulana, ni watano tu katika utafiti mzima waliopata VVU katika kipindi cha ufuatiliaji, idadi ndogo mno hata haifai kulinganishwa. Kwa wasichana, uwiano wa maambukizi mapya kati ya jamii za mradi na zile za kulinganisha ulikuwa 0.75, na mipaka ya makadirio, yaani eneo ambamo jibu la kweli linaweza kuwemo, kutoka 0.34 hadi 1.66. HSV-2 ilikutwa kwa 11.9% ya wavulana na 21.1% ya wasichana, na uwiano kati ya pande mbili ulikuwa 0.92 kwa wavulana na 1.05 kwa wasichana. Uwiano wa 1 maana yake hakuna tofauti. Kwa vipimo vingine vya maabara hakukuwa na mwelekeo unaoeleweka, wa nafuu wala wa madhara.

Uchunguzi wa 2007 na 2008 ulikuwa na watu wengi zaidi na wakubwa zaidi, na ulirudia jibu hilo kwa sauti iliyo wazi. VVU vilikutwa kwa 1.8% ya wanaume na 4.0% ya wanawake. HSV-2 kwa 25.9% ya wanaume na 41.4% ya wanawake. Uwiano wa VVU ulikuwa 0.91 kwa wanaume na 1.07 kwa wanawake. Wa HSV-2, 0.94 na 0.96. Elimu ilikuwa bado juu, miaka mingi baada ya vipindi vya darasani. Wanaume wa jamii za mradi waliosema wamewahi kuwa na wapenzi zaidi ya wanne walikuwa wachache kidogo, na wanawake wengi zaidi walisema walitumia kondomu mara ya mwisho na mtu asiye mpenzi wa kudumu. Mimba zilizoripotiwa hazikutofautiana.

Uchambuzi: bila kundi la kulinganisha, mradi ungelaumiwa

Tuanze na kilichofanya kazi. Hebu fikiria watafiti hawa wangefanya kama wafanyavyo wengi: kuwapima vijana wa miaka 14 na 15, kuwafundisha, kisha kuwapima tena wakiwa na 17 na 18. Wangekuta nini? Walioanza ngono wameongezeka. Waliowahi kupata ujauzito wameongezeka. Walioambukizwa wameongezeka. Ingekuwa hivyo popote, kwa sababu vijana wanakua. Na kuna watu wazima wengi, wazazi na viongozi wa dini wakiwemo, ambao tangu mwanzo walihofu kwamba kumfundisha mtoto mambo haya ni kumfungulia mlango. Wangelichukua jedwali hilo na kusema: mnaona?

Kundi la kulinganisha ndilo lililozuia kosa hilo. Lilionyesha kwamba vijana wasiofundishwa nao walipanda vivyo hivyo. Kwa hiyo utafiti huu ulijibu maswali mawili kwa pamoja, na la pili husahaulika: haukupata ushahidi kwamba masomo yaliwasukuma vijana kuanza mapema. Ninasema "haukupata ushahidi" makusudi. Uwiano wa HSV-2 kwa wasichana mwaka 2002 ulikuwa na mipaka ya 0.83 hadi 1.32, na mtu mwaminifu hatakiwi kusema zaidi ya hapo. Lakini ukiuweka pamoja na vipimo vya 2007 na 2008, hofu ya mlango kufunguliwa haikupata pa kushika.

Kura nayo ilifanya kazi ambayo hakuna hesabu ya baadaye ingeweza kuifanya kikamilifu. Chukua mradi wa klabu za vijana ambao mtu anajiunga kwa hiari. Ukilinganisha wanachama na wasio wanachama, wanachama watakuwa na tabia nafuu karibu kila mara. Lakini nani anajiunga? Binti ambaye mama yake anamruhusu kutoka Jumamosi. Kijana ambaye hahitajiki kuchunga ng'ombe wala kuvua. Anayependa shule, anayejua kusoma vizuri, ambaye nyumbani kuna mtu anayemuuliza ulikuwa wapi. Hayo yote yanamlinda, klabu iwepo isiwepo. Unaweza kuyapima na kuyaondoa kwenye hesabu, lakini yale usiyoyafikiria yatabaki humo yakijifanya ni matunda ya klabu.

Uchambuzi: somo linapofundisha pia namna ya kujibu

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo.

Wakaguzi wa tafiti wamezoea kusema kwamba vijana hudanganya kuhusu ngono, na watetezi wa madodoso wamezoea kujibu kwamba haidhuru, maana wanadanganya pande zote mbili. Jibu hilo ni sahihi kwa sharti moja tu: kwamba kiasi cha kuficha kinalingana. Kikilingana, tofauti ya kweli itafifia lakini haitazuka tofauti isiyokuwepo. Tatizo la miradi ya elimu ni kwamba inavunja sharti hilo kwa asili yake. Kazi ya somo ni kumwambia kijana tabia ipi ni nzuri na ipi ni mbaya. Akishalielewa, ndiye yule yule unayemfuata baada ya miaka mitatu na kumuuliza: je, unafanya ile mbaya?

Nitatoa mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Chukua wavulana 100 kila upande, na kila upande 40 wana wapenzi zaidi ya mmoja. Hakuna tofauti yoyote ya tabia. Upande usiofundishwa, 30 kati ya 40 wanakiri; 10 wanaona aibu. Upande uliofundishwa, aibu imeongezeka kidogo kwa sababu wamejifunza kwamba jambo hilo ni la hatari, hivyo wanakiri 22. Ripoti itaandika kwamba wavulana wenye wapenzi wengi wamepungua kwa zaidi ya robo. Kila aliyehoji alihoji kwa uaminifu, kila aliyejumlisha alijumlisha sawasawa, kura ilipigwa vizuri kabisa, na bado upungufu ulioandikwa ni wa majibu tu.

Ndiyo maana kupiga kura peke yake hakutoshi. Kura inakuhakikishia kwamba tofauti unayoiona imeletwa na mradi. Haikuambii kama kilicholetwa na mradi ni tabia mpya au jibu jipya. Wanafunzi wa takwimu hupenda kuiona kura kama dawa ya kila ugonjwa, na ni vyema wakajifunza mapema kwamba ugonjwa huu hauguswi nayo.

Ile kazi ya kulinganisha njia tano ilionyesha kwamba woga huu haukuwa wa kinadharia. Kulikuwa na vijana ambao maabara ilithibitisha walikwisha kujamiiana, kwa maana walikuwa na ugonjwa wa zinaa au ujauzito, na dodosoni waliandika hawajawahi. Kulikuwa na waliojibu hivi kwenye dodoso moja na vile kwenye jingine. Binti anayejibu hivyo ana sababu zake: kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule, nyumbani heshima ya familia inamwelemea, na anayemuuliza ni mgeni mwenye kalamu na karatasi. Kwa mazingira hayo, kuficha ni akili. Anayepaswa kubadilika ni mtafiti, kwa kutafuta kipimo kisichomtegemea binti ajisaliti.

Angalia pia ni kipimo gani kilifaa kwa jambo gani. Ule mtihani wa 2002 ulikuwa chombo sahihi kabisa cha kupima elimu. Elimu ni kile mtu anachoweza kujibu. Akijibu vizuri, anajua. Hakuna haja ya damu hapo, na ninapinga wanaoyadharau mafanikio hayo. Vijana walijua mambo ya kweli kuhusu miili yao na wakaendelea kuyajua wakiwa watu wazima. Kosa huanza pale chombo cha kupima elimu kinapohamishiwa kwenye tabia kana kwamba ni jambo moja.

Uchambuzi: "hakuna tofauti" ina maana ngapi

Wengi husoma matokeo ya Mwanza na kutoka na neno moja: mradi ulishindwa. Neno hilo limebeba mambo yanayopaswa kutenganishwa.

Chukua ule uwiano wa VVU kwa wasichana, 0.75, wenye mipaka ya 0.34 na 1.66. Kwa Kiswahili cha kawaida: takwimu hizi zinakubaliana na mradi uliopunguza maambukizi kwa theluthi mbili, na zinakubaliana vile vile na mradi ulioyaongeza kwa theluthi mbili. Namba hiyo haisemi kwamba mradi haukufanya kitu. Inasema haijui. Anayeinukuu kama ushahidi wa kushindwa amekosea sawa na anayeinukuu kama ushahidi wa kupungua kwa robo. Kilichotoa jibu lenye uzito ni HSV-2, na zaidi uchunguzi wa 2007 na 2008, ambapo watu walikuwa wengi, muda ulikuwa umepita, na namba zote nne ziling'ang'ania karibu na 1.

Hata hapo pana pa kuangalia kwa makini. Uchunguzi wa pili uliwapima waliopatikana kwenye jamii zao. Vijana wa Kanda ya Ziwa huhama: migodini, Mwanza mjini, visiwani, kwenye ndoa za mbali. Kama waliohama walikuwa tofauti na waliobaki, picha haijakamilika. Sioni sababu ya kuamini kwamba uhamaji ulitofautiana kiasi cha kuficha nafuu kubwa, lakini ni udhaifu wa kweli. Damu nayo ina mipaka yake. HSV-2 inaonyesha kwamba mtu aliwahi kukutana na virusi. Haionyeshi ni wapenzi wangapi aliwaepuka. Kijana anaweza kupunguza wapenzi kutoka watano hadi wawili, na mmoja wa hao wawili akatosha kumwambukiza.

Hilo la mwisho linatufikisha kwenye maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu zaidi. Somo lilimfikia mwanafunzi. Mwenzi wa msichana mara nyingi alikuwa mtu mzima kuliko yeye, aliyemaliza shule zamani au hakusoma kabisa, mwenye kipato kidogo cha samaki, pamba au biashara. Tafiti za kuishi na watu Mwanza zilieleza kwa kirefu jinsi zawadi na fedha zinavyoingia katika mahusiano ya vijana: sabuni, mafuta ya kupaka, vitafunwa vya shuleni, nguo. Binti alijua VVU vinaambukizwaje. Aliyekuwa na uamuzi juu ya kondomu alikuwa mwingine. Na darasani, somo lililohitaji mazungumzo ya wazi liliwekwa mikononi mwa walimu waliozoea kukaririsha na kushika fimbo. Mnyororo uliotarajiwa ulikuwa hivi: elimu huleta mtazamo, mtazamo huleta tabia, tabia huzuia maambukizi. Kiungo cha kwanza kilikaza. Kwingine mnyororo ulilegea, na utafiti wa kura, pamoja na nguvu zake zote, usingeweza peke yake kuonyesha ni wapi. Walioishi vijijini ndio walioweza.

Juu ya upanuzi wa mradi kabla majibu ya mwisho hayajapatikana, watu wazuri wamegawanyika. Mimi naona ulikuwa uamuzi unaotetewa. Elimu ilikuwa imethibitishwa kupanda, madhara hayakuonekana, na kuwanyima watoto habari za miili yao kwa sababu habari hazijapunguza virusi ni kudai elimu ifanye kazi isiyo yake. Kisichotetewa ni kuendelea kuuza mradi wa masomo kama kinga ya VVU baada ya 2008, na bado nakutana na maandiko ya miradi yanayofanya hivyo.

Wengine walipima nini

Magharibi mwa Kenya, katika majaribio yaliyohusisha shule 328 za msingi, watafiti walikwepa kuwauliza wasichana wanafanya nini. Walihesabu mimba. Kuwafunza walimu mtaala wa kitaifa wa UKIMWI hakukupunguza mimba. Lakini katika shule 71 ambako wanafunzi walielezwa jambo mahususi, kwamba wanaume wakubwa wana VVU kwa kiwango kikubwa kuliko wavulana wa rika lao, mimba zilipungua kwa 28%. Ujumbe wa pili ulimpa binti kitu cha kuamua mwenyewe: awe na nani. Ule wa kwanza ulimwambia ajizuie.

Zomba, Malawi, familia za wasichana na wasichana wenyewe walipewa fedha kila mwezi. Baada ya miezi 18, VVU vilikutwa kwa 1.2% ya wasichana waliokuwa shuleni na kupokea fedha, dhidi ya 3.0% ya wasiopokea. Damu ilipimwa, na safari hii ilikubali. Miaka miwili baada ya malipo kukoma, nafuu hiyo ilikuwa imeyeyuka. Kisababishi kilikuwa cha kweli na kilidumu kadiri kilivyolipwa, jambo ambalo mtu asingeligundua kama angeondoka na matokeo ya kwanza.

Kwa wanaoandaa miradi katika halmashauri, gharama ya maabara ni kizuizi halisi, na sitarajii kila mradi uchukue damu ya maelfu. Lakini kliniki ya wajawazito tayari inaandika umri wa kila mama na majibu ya kipimo chake cha VVU kwenye rejista za MTUHA, yaani mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya. Mtu anaweza kupiga kura ya kata zipi zianze mwaka huu na zipi zisubiri mwaka ujao, kisha akahesabu wasichana wa miaka 15 hadi 19 wanaoingia rejistani kila upande. Hesabu hiyo haimwachi msichana aseme kile alichofundishwa kusema. Ina mapengo: haiwaoni wasiofika kliniki, na haiwaoni wavulana kabisa. Kwa wavulana bado patahitajika damu, pamoja na ridhaa, ushauri nasaha na bajeti, na hayo huingizwa kwenye andiko la mradi kabla dodoso la kwanza halijachapishwa.